Ufa wa mbele kwenye Land Cruiser pikapu: mwongozo kamili wa kuutafuta, kuuchomelea na kuuzuia usirudi

Dereva akikuambia taa za gari lake "zinacheza" usiku, usikimbilie balbu. Fungua boneti, shika fremu ya rejeta kwa juu kwa mikono miwili, itikise kama unavyotikisa geti ambalo huna hakika kama limefungwa. Ikiyumba huku fenda zimetulia, au fenda moja ikaifuata na nyingine ikabaki, jua umepata kazi ya siku mbili.

Nazungumzia Land Cruiser 79, pikapu iliyoanza kutoka mwaka 1999 na springi za koili mbele, ambayo huku kwetu ni mojawapo ya magari tunayoyaita mkonga. Nyingi ninazoshika ni za injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, na nyingi zimeshaongezwa urefu na kuwekewa viti vya watalii. Lakini maelezo haya yanafaa pia kwa Hilux na pikapu yoyote ambayo bodi yake imekaa juu ya chesisi kwa raba.

Adui wetu anajulikana. Ni ile barabara ya vumbi yenye migongo kama bati la kuezekea. Anayetoka lango la Loduare kwenda Naabi na Seronera, au anayepita Engaruka kwenda Ziwa Natron, anaijua. Shimo kubwa unaliona na unapunguza mwendo. Ile migongo midogo inagonga mara nyingi kwa kila sekunde, saa baada ya saa, na chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa.

Nini kimebebwa na nini

Chesisi ni mihimili miwili inayokwenda mbele hadi nyuma. Bodi haikuchomelewa juu yake, imekalishwa kwenye raba. Kila raba ina sikio lake, yaani kipande cha chuma kilichochomelewa ubavuni mwa mhimili. Raba za mbele kabisa, kushoto na kulia, zinabeba fremu ya rejeta, na fremu hiyo ndiyo inayoshika rejeta, loki ya boneti na pua za fenda. Kutoka hapo kurudi nyuma kuna bati la ndani la fenda, linaloiunganisha fremu na ukuta wa kabini. Betri nayo inaning'inia kwenye bati hilo.

Sikio ni chuma kinene, milimita 3 na zaidi. Bati la ndani ni kama milimita 1 tu. Zingatia tofauti hiyo, maana fundi anayechomelea vyote viwili kwa moto mmoja atatoboa bati, au ataacha sikio limeshikwa kwa juu juu.

Nyufa hupenda sehemu nne: pale sikio linapokutana na chesisi, kona ya chini ya fremu ya rejeta kuzunguka tundu la bolti, bati la ndani chini ya betri, na ncha za weldi ya zamani. Hiyo ya nne ndiyo inayonikasirisha, kwa sababu ni ufa uliotengenezwa na fundi mwenzangu. Au na mimi.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuchomelea bati lile lile la kushoto la gari moja mara tatu ndani ya mwaka. Mara ya kwanza niliunga ufa. Mara ya pili niliweka kiraka. Mara ya tatu niliweka kiraka kinene juu ya kiraka, na bati likapasuka sentimita nne pembeni yake. Siku hiyo ndipo nilipolala chini na tochi. Raba ya mbele kushoto ilikuwa imebonyea kama andazi lililokaliwa, na bolti yake niliizungusha kwa vidole. Pua yote ya gari ilikuwa inabebwa na bati la milimita moja.

Kabla hujawasha mashine, tafuta sababu

Anza na raba. Angalia kama mpira umepasuka, umekuwa mgumu kama kwato, au umebonyea upande mmoja kuliko mwingine. Jaribu bolti zote za bodi kwa spana, si za mbele peke yake. Bolti iliyolegea huacha dalili: alama ya chuma kinachong'aa chini ya washa ya bolti, na unga mwekundu wa kutu laini kama pilipili. Unga huo ni vyuma viwili vinavyosagana.

Kisha angalia gari limebebeshwa nini ambacho kiwanda hakikukipangia. Betri ya pili ina kilo 20 hivi, na mara nyingi imewekwa upande wa pili kwenye bati ambalo halikuandaliwa kubeba kitu. Bampa la chuma la kukingia wanyama ni sawa kama limefungwa kwenye chesisi na haligusi fenda. Likifungwa kwenye fremu ya rejeta, ni jiwe lililoning'inizwa puani. Angalia shokabsoba kama zimekufa. Uliza upepo wa tairi: wengine wanatoka lami na psi 40 na wanaingia nazo kwenye migongo hivyo hivyo. Kushusha hadi 30 au chini yake kidogo, kulingana na mzigo, na kushusha mwendo pia, kunaokoa bodi kuliko kiraka chochote nitakachokuuzia.

Kuna kazi za kukataa. Ufa ukiwa ndani ya mhimili wenyewe wa chesisi, karibu na boksi ya usukani au pale mikono ya springi inaposhika, gari lisitembee; hiyo ni kazi ya fundi wa chesisi mwenye vipimo. Bisibisi ikizama kwenye bati kwa kutu, hakuna cha kuchomelea, nunua fremu nyingine. Na gari lililogongwa linyooshwe kwanza.

Maandalizi

Fungua terminali za betri, hasi kwanza, kisha chanya, na uitoe betri kabisa. Chomoa plagi za alteneta. 1HZ ya pampu ya kawaida haina kompyuta ya injini ya kuungua, lakini diodi za alteneta zinaungua. Kama ni V8 ya dizeli au gari jipya zaidi, chomoa na kompyuta.

Mwaga maji ya rejeta injini ikiwa baridi, toa rejeta, toa grili na taa. Kama kuna eyasii (kiyoyozi), usifungue mabomba yake kienyeji. Mara nyingi kondensa, ile rejeta yake ndogo ya mbele, inafunguliwa bolti na kuvutwa pembeni na mabomba yake, ikafungwa kwa kamba. Waya zote zinazopita kwenye bati la ndani zivutwe mbali, bomba za breki zifunikwe kwa gunia lililolowa. Weka ndoo ya mchanga na kizimamoto karibu, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuangalia moto. Lami iliyopakwa chini ya fenda huwaka polepole, upande usiouona.

Jambo moja sitaki ulipite. Usisafishe chuma kwa ile dawa ya kopo ya kusafishia breki halafu ukachomelea. Baadhi yake zina klorini, na zikikutana na moto wa weldi hutoa fosjini, gesi yenye sumu kali. Tumia brashi ya waya, msasa, na kitambaa chenye asetoni kilichoachwa kikauke kabisa. Bolti na pleti zenye zinki nazo zikwanguliwe kwanza, na ufanye kazi penye hewa.

Pandisha gari kwa jeki, likalishe kwenye stendi za chuma zilizoshika chesisi. Si matofali, na si rimu kuukuu. Kisha weka jeki ndogo yenye kipande cha mbao chini ya fremu ya rejeta, uinyanyue taratibu mpaka ufa ujifunge wenyewe. Ukichomelea bodi ikiwa imelala, utakuwa umeifunga ikiwa imelala.

Hapo ndipo futi ya kupimia inapoingia. Pima mshazari wa fremu ya rejeta kutoka tundu la bolti la juu kushoto kwenda la chini kulia, kisha kutoka la juu kulia kwenda la chini kushoto. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita tatu au nne, fremu imepinda. Rekebisha kwa jeki na mnyororo kabla ya moto. Andika vipimo kwa chaki ukutani, kwa sababu utavihitaji mchana ukiwa umechoka. Funga boneti kwa muda, uangalie nafasi kati yake na fenda pande zote mbili.

Mwisho wa ufa uko wapi

Jicho linaona nusu ya ufa. Kwangua rangi sentimita tano kila upande, kisha tumia mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta kwa brashi ndogo juu ya ufa na mbele yake, subiri robo saa, futa mpaka pakauke, halafu sugua chaki nyeupe iliyosagwa. Gonga chuma kidogo kwa nyundo. Mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mwembamba wa kijivu kwenye weupe wa chaki. Mara nyingi mstari unakwenda sentimita mbili au tatu mbele ya pale ulipodhani umeisha. Weka alama kwa msumari, safisha mafuta yote, uache pakauke.

Kwenye ncha hiyo toboa tundu: milimita 3 kwenye bati, 5 au 6 kwenye sikio. Ncha ya ufa ni kali kama wembe na ndiyo inayopasua chuma kila gari linaporuka. Tundu la duara linaigawa nguvu hiyo. Hakikisha ncha yenyewe imo ndani ya tundu. Ukitoboa nyuma yake, ufa utaendelea na safari bila hata kukuaga.

Kuchomelea sikio

Chuma hiki kinataka moto wa kutosha. Chimba mfereji wa umbo la V kwa grenda kufuata ufa, uache kama milimita moja chini. Kama unaweza, chomelea pande zote mbili. Kwa mashine ya kawaida, rodi ya aina ya 7018 ya milimita 2.5 kwenye ampea 80 hadi 100 inashika vizuri, ila iwe kavu kabisa. Rodi iliyokaa kwenye pakiti wazi msimu wa masika irudi kwenye oveni au uiache. Ile 6013 inayouzwa kila duka la vifaa nayo inafanya kazi kwa mkono mtulivu. Ethi, yaani klampu ya waya wa kurudishia umeme kwenye mashine, ifunge kwenye kipande kile kile unachochomelea, karibu, juu ya chuma kilichokwanguliwa. Ukiifunga kwenye bampa la nyuma, umeme utajitafutia njia kupitia bearingi na nyaya.

Safisha ganda la weldi kabla ya kuweka mstari wa pili. Jaza na lile tundu. Usimwage maji, acha papoe penyewe. Maji hukiacha chuma kigumu na chepesi kupasuka.

Pleti ya kuimarisha inafuata kama sikio limepasuka zaidi ya theluthi ya upana wake. Iwe na unene sawa na sikio, na ncha zake uzikate kama jani la mwembe, zikipungua polepole. Pleti ya mraba yenye weldi iliyokatiza mhimili wima kutoka juu hadi chini inahamisha ufa kutoka kwenye sikio kwenda kwenye chesisi, na hapo umegeuza tatizo dogo kuwa kubwa. Weldi zilale kufuata urefu wa mhimili, na usiguse kingo za juu na za chini.

Kuchomelea bati

Hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu. Bati la milimita moja kwa rodi nene linageuka chekecheke. Mashine ya migi (MIG, inayolisha waya yenyewe) yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 ndiyo chombo chake. Kama huna, gesi na brasi ya mzee wa zamani inafanya kazi nzuri kwenye bati, ingawa joto lake linasambaa na kupindisha. Ukilazimika kutumia rodi, chukua ya milimita 2 au nyembamba zaidi, ampea 40 hadi 50, uguse na kuacha.

Usichimbe mfereji kwenye bati. Ling'arishe pande zote mbili, weka kipande cha shaba nyuma ya ufa kwa klampu (bomba la shaba lililopigwa bapa linatosha; weldi haishiki kwenye shaba na joto linanyonywa). Piga nukta moja kila baada ya sentimita mbili. Kisha rudi ukijaza katikati kwa kurukaruka: moja hapa, inayofuata mwisho wa pili, nyingine katikati. Kipimo changu ni kiganja. Nikikiweka sentimita kumi kutoka kwenye weldi na kikashindwa kukaa, naenda kunywa maji. Mstari mmoja mrefu uliopigwa bila kupumzika unalivuta bati, na utaliona limejaa mawimbi likipoa.

Kiraka cha kuongeza nguvu kiwe cha milimita 1.2 hadi 1.5 kwa bati la milimita 1. Zaidi ya hapo unarudi kwenye kosa langu la mara ya tatu: mahali pamoja pagumu katikati ya bati linalocheza, na ufa unazaliwa ukingoni. Pembe zake zizungushwe. Kitoboe matundu ya milimita 7 kila baada ya sentimita tatu, kipake rangi ya zinki kwa chini, kifunge kwa klampu, kisha chomelea kwa kujaza matundu badala ya kuzungushia weldi ukingo mzima. Na usizibe matundu ya kutolea maji yaliyotoboka kiwandani, maana tope likikaa humo kutu itamaliza ulichokianza.

Saga weldi pale tu inapogusana na kitu kingine. Ninawaona vijana wakisaga hadi bati ling'ae kama kioo na puti ikae vizuri. Wamelipunguza unene mahali lilipohitaji nguvu.

Raba

Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia, juu na chini. Ndani ya kila raba kuna bushi ya chuma inayozuia bolti isiubane mpira kupita kiasi. Bushi hiyo ikipotea, kila ukikaza unauua mpira mpya. Kama ulikuta vipande vyembamba vya chuma chini ya raba, virudishe upande ule ule, ndivyo vinavyosawazisha boneti.

Tairi la zamani lililokatwa mviringo linaweza kukufikisha nyumbani. Kwa matumizi ya kudumu halifai, kwa sababu lina nyuzi ndani na ugumu wake si ule bodi ilioutarajia. Kibaya zaidi ni kuweka kipande cha bomba la chuma "ili isicheze tena". Bodi hii imekusudiwa icheze kidogo kwenye mpira. Ukiizuia hapo itacheza kwenye bati.

Bolti za mwisho zikaze gari likiwa limeshuka kwenye magurudumu yake, kwa kipimo cha kitabu cha gari, baada ya boneti kufunga na kufunguka bila kubamizwa.

Rangi

Weka epoksi au praima ya zinki, ziba viungo kwa gundi ya bodi, kisha rangi. Ndani ya mikunjo nyunyiza nta. Najua wengi humalizia kwa kupulizia oili chafu chini ya gari. Inazuia kutu, kweli, lakini inalainisha na kuvimbisha mpira, na raba ulizonunua leo zitakuwa uji. Kama huwezi kuiacha tabia hiyo, zifunike raba kwanza.

Ukiwa porini

Ufa ukifunguka mbali na gereji, usitafute mashine, funga gango. Kata vipande viwili vya chuma bapa vya sentimita ishirini, kimoja kila upande wa ufa, toboa matundu manne na funga kwa bolti za milimita 8. Huna keekee? Chonga kabari ya mbao ngumu, iingize kati ya fremu ya rejeta na chesisi baada ya kuinyanyua kwa jeki, kisha funga pua yote kwa mkanda wa mzigo kuteremka hadi kwenye mhimili wa chesisi. Toa betri ya pili, iweke nyuma ndani ya gari ikiwa wima na imefungwa. Hakikisha feni haigusi kava lake, maana rejeta ikisogea sentimita moja tu mapanga yanaikata. Halafu endesha kilomita 30 kwa saa, hata watalii wakinuna.

Baada ya kazi

Piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokishika, kwa kila bolti ya bodi. Peleka gari kilomita 20 kwenye barabara mbaya, rudi, lala chini na tochi. Mistari iliyovunjika inakuonyesha nati iliyozunguka. Rudia baada ya kilomita 500, ukisugua tena chaki pembeni mwa weldi. Mistari ikiwa mizima na chaki imebaki nyeupe, mrudishie mteja gari lake, na umwambie alete usiku mmoja muangalie taa pamoja ukutani.